Tuzo ya Makala Bora: Uhakiki wa Istilahi za Makongamano ya Anga za Juu

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilitaja vyanzo 339 vya miali hiyo. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Jina la chombo lilikuwa la Kiswahili. Makala zilizoueleza ulimwengu kile kilichoonekana ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kiliazimwa jina, hakikuombwa maelezo.

Hali hiyo sasa inabadilika. Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Mwezi Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, na mwezi Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Afrika, ambalo ni chombo cha Umoja huo, lilizinduliwa rasmi mjini Cairo. Maadamu mambo yamefika hapo, haitakuwa ajabu mfasiri wa ofisi ya serikali akipokea asubuhi moja barua inayosema kwamba mhandisi fulani, mwananchi wa nchi zetu, ametunukiwa kwa sababu ya makala aliyoitoa katika kongamano la wataalamu wa anga za juu. Atakapoifasiri barua hiyo atatumia maneno gani? Katika uhakiki huu tumekusudia kuyapima maneno yanayotumika hivi sasa, kusema yapi yanafaa na yapi yanapotosha, na kueleza sababu.

1. Jambo lenyewe

Hatuwezi kuhakiki istilahi kabla ya kulifahamu jambo linalotajwa. Kongamano kubwa kupita yote katika fani hii ni lile la Shirikisho la Kimataifa la Unajimu wa Safari za Anga, kama wengine walivyolifasiri jina lake; na tafsiri hiyo yenyewe ni mfano wa ugonjwa tunaotaka kuutibu, kwani unajimu ni elimu ya nyota na utabiri wake, ilhali shirikisho hilo hushughulika na kusafiri. Sisi tutaliita Shirikisho la Kimataifa la Safari za Anga za Juu. Kongamano lake la kwanza lilifanyika Paris mwaka 1950, na shirikisho lenyewe likaundwa mwaka uliofuata. Hufanyika karibu kila mwaka katika nchi mbalimbali, na mwaka 2011 lilifanyika Cape Town, likiwa la kwanza katika ardhi ya Afrika.

Mtaalamu anayetaka kusema jambo katika kongamano hilo hupeleka kwanza maelezo mafupi ya kazi yake. Wasimamizi wa vikao huyasoma na kuyapima. Yakikubaliwa, mwandishi huandika makala kamili, kisha husimama mbele ya kikao na kuieleza. Kwa hiyo kuna hatua tatu, na kila moja ina chombo chake: maelezo mafupi, maandishi kamili, na maneno ya mdomo. Baadhi ya makala huteuliwa baadaye kuchapishwa katika jarida la *Acta Astronautica*.

Tuzo nazo si za namna moja. Tuzo ya Luigi G. Napolitano, inayotolewa tangu mwaka 1993, humwendea mwanasayansi aliye chini ya umri wa miaka 30, aliyechangia maendeleo ya sayansi ya urukaji na anga za juu, na aliyetoa makala kuhusu mchango huo katika kongamano. Katika mashindano ya wanafunzi hutolewa medali, na mojawapo ina jina la Hermann Oberth. Katika mkutano wa setilaiti ndogo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, ulioanza mwaka 1987, wanafunzi hushindana kwa makala katika mashindano yenye jina la Frank J. Redd, na washindi hupata fedha za masomo. Msomaji ataona kwamba katika hali moja anayetunukiwa ni mtu, katika nyingine ni kazi ya mtu. Mmoja huvishwa medali, mwingine hulipiwa karo. Kiswahili kikiyaita yote haya kwa neno moja, kitakuwa kimefasiri sauti na kuacha maana.

2. Sentensi moja na makosa yake

Tuchukue sentensi ifuatayo. Tumeitunga wenyewe, lakini hamna neno ndani yake ambalo msomaji hajapata kukutana nalo katika tafsiri za namna hii:

"Mhandisi huyo alipewa zawadi ya karatasi bora ya kiufundi katika mkutano wa anga, baada ya kuamuliwa na rika lake."

Mtu asiyejua habari ataelewa nini? Ataelewa kwamba mhandisi alizawadiwa karatasi nzuri, pengine bunda zima la kuchorea ramani, katika mkutano wa watu wa ndege, baada ya vijana wenziwe kumwamulia ugomvi. Sarufi ya sentensi haina kasoro. Kasoro iko katika istilahi tano, nasi tutazichukua moja moja.

3. Zawadi, tuzo na nishani

Zawadi ni kitu atoacho mtu kwa hiari yake, kwa mapenzi au kwa ada. Mgeni huleta zawadi. Bibi harusi hupewa zawadi. Anayepokea hakulazimika kufanya lolote. Tuzo ni jambo jingine. Asili yake ni kitenzi kutuza, na kila aliyehudhuria ngoma au taarabu anajua maana yake: mwimbaji ameimba vizuri, msikilizaji akainuka na kumtuza mbele ya watu. Tuzo hufuata tendo, na tendo hilo limeshuhudiwa. Hilo ndilo hasa linalofanyika katika kongamano.

Tofauti hii si ya kupamba lugha tu. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma katika nchi zetu zina masharti kuhusu zawadi: ipi ipokewe, ipi itangazwe, ipi ikataliwe. Mtumishi ambaye barua yake inasema amepokea "zawadi" kutoka kwa taasisi ya kigeni anaweza kuulizwa maswali ambayo asingeulizwa kama ingeandikwa kwamba ametunukiwa tuzo ya kitaaluma. Ofisa anayeuliza atakuwa anafanya kazi yake. Mwenye kosa ni mfasiri.

Nishani tungependa ibaki ilipo. Kwa mazoea ya nchi zetu nishani hutolewa na dola, na Mkuu wa Nchi ndiye aitoaye. Chama cha wataalamu hakitoi nishani. Kikitoa kipande cha madini chenye sura ya mtu, kipande hicho ni medali, na heshima inayoandamana nacho ni tuzo. Fedha za masomo ziitwe ufadhili wa masomo, hata kama zimepatikana kwa kushindana.

Wako wanaoandika "tunzo". Hatusemi kwamba wamekosa, kwa kuwa matamshi hayo yamo vinywani mwa watu. Lakini kutunza kuna maana nyingine iliyo hai zaidi, ya kuangalia na kuhifadhi. Istilahi ikiwa na njia mbili, tuchague ile isiyo na njia panda. Hata habari za mwaka 2021 za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, zilizidi kulieneza umbo hili la "tuzo".

Kitenzi chake katika maandishi rasmi kiwe kutunuku. Mtu hutunukiwa shahada; hali kadhalika atunukiwe tuzo. "Kupewa" si kosa, lakini halibagui kati ya tuzo na kikombe cha chai.

4. Karatasi, mada na makala

"Karatasi" kwa maana hii ni tafsiri ya neno kwa neno, wala hatuoni haja ya kuipigia hoja ndefu. Karatasi ni kitu cha kuandikia. Waliosoma zamani walisema "karatasi za mtihani" wakiwa na maana ya karatasi zenyewe zilizogawiwa watahiniwa. Hapo neno lilikaa sawa.

Mashindano ya kweli ni kati ya mada na makala. Katika semina na warsha zetu watu husema "kutoa mada", na usemi huo una nguvu kwa sababu unamhusu mtu anayesimama na kuzungumza. Lakini mada ni jambo linalozungumzwa, na mtu anaweza kutoa mada bila kuandika hata ukurasa mmoja. Makala ni maandishi. Tuzo tunazozijadili zinahitaji maandishi, nayo hupimwa kwa hoja, hesabu na ushahidi uliomo.

Tunapendekeza, basi, kila hatua ya kongamano ipate neno lake. Maelezo mafupi ya kwanza ni *ikisiri*. Maandishi kamili ni *makala*. Kuyaeleza mbele ya watu ni *uwasilishaji*. Mkusanyo wa makala zote ni *kumbukumbu za kongamano*. Haya yakichanganywa, haki hupotea. Mwalimu wa chuo ambaye ikisiri yake imekubaliwa hajakubaliwa makala. Na akiandika katika maombi ya kupandishwa cheo kwamba "makala imekubaliwa", amewatangulia wenziwe walioandika makala kamili. Kamati inayosoma maombi hayo kwa Kiswahili haina njia ya kuligundua jambo hilo ikiwa lugha yenyewe haitofautishi.

5. Ufundi na utaalamu

Neno "kiufundi" lina heshima yake, nasi hatukusudii kulishusha. Fundi ni mtu anayejua kazi: fundi saa, fundi cherehani, fundi mwashi. Shule za ufundi zimejenga nchi. Ila katika kongamano kivumishi hiki hutumika kutenga vikao vya wataalamu na vile vya sherehe, hotuba za viongozi na maonyesho ya biashara. Makala inayokokotoa jinsi mzingo wa setilaiti unavyobadilika kwa mvuto wa mwezi inaweza isitaje hata chombo kimoja cha fundi. Bado ni miongoni mwa makala za kongamano. Kwa maana hiyo *makala ya kitaalamu* na *kikao cha kitaalamu* ndiyo maneno yanayofaa. "Kiufundi" libakie pale panapozungumzwa utengenezaji, urekebishaji na uendeshaji wa mitambo.

6. Bora, na bora kuliko zote

Hapa pana mtego uliojificha zaidi. Lugha za Ulaya zina umbo maalumu la kuonyesha kitu kinachovipita vyote, na kando yake zina maneno ya kusifu kitu kilichojitokeza miongoni mwa vingine bila kudai kwamba ni kimoja tu. Kongamano laweza kuchagua makala moja iliyo juu ya zote. Kongamano jingine laweza kuchagua makala tano zilizojitokeza. Kiswahili huziita zote "makala bora", na msomaji hajui kama mshindi ni mmoja au ni watano.

Wengine wamejaribu kutatua jambo hili kwa kusema "makala iliyotukuka". Tunaikubali nia yao, lakini kutukuka ni neno la ibada na la taadhima ya dola. Makala kuhusu betri za setilaiti haitukuki. Wengine wamesema "iliyotia fora". Usemi huo ni mtamu, una asili ya mashindano, na magazeti yautumie kwa furaha. Katika cheti tunauona kuwa umechangamka mno.

Tunaona njia iliyo nyepesi ndiyo iliyo sahihi. Makala iliyochaguliwa peke yake iitwe *makala bora kuliko zote*. Makala iliyochaguliwa pamoja na nyingine iitwe *makala bora*, na mfasiri aongeze idadi pale inapojulikana: "mojawapo ya makala bora tatu". Makala iliyosifiwa bila kupata tuzo iitwe *makala iliyotajwa kwa heshima*. Hapana neno jipya hata moja katika haya. Kinachotakiwa ni uangalifu tu.

Tuongeze jambo la sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida huonyesha kiima chake: tutasema *imeshinda* au *ameshinda* au *wameshinda*. Makala nyingi za uhandisi zina waandishi wengi, na matangazo ya kigeni mara nyingi hutaja jina la mmoja tu, aliyewasilisha. Mfasiri akiandika "ameshinda", amewanyang'anya wenzake sehemu yao. Ikiwa tuzo ni ya makala, aandike "makala ya fulani na wenzake imeshinda". Ikiwa tuzo ni ya mtu, kama ile ya Napolitano, hapo ndipo "ametunukiwa" linapofaa. Lugha yetu inatulazimisha kuuliza swali ambalo tangazo la asili limeliruka. Tusiuone ulazima huo kuwa mzigo.

7. Anga, rika na kijana

"Mkutano wa anga" utaeleweka na Watanzania wengi kuwa ni wa usafiri wa ndege, na wana haki, kwa kuwa mamlaka inayosimamia usafiri huo ina neno anga katika jina lake, na jeshi lenye ndege za kivita huitwa Jeshi la Anga. Istilahi *anga za juu* imekwisha kuenea, nasi tunaiunga mkono dhidi ya "anga la nje", "anga ya juu" na "anga za mbali". Anayeuliza "juu ya nini?" ameuliza swali zuri, lakini si la lugha peke yake: Mkataba wa mwaka 1967 unaohusu matumizi ya anga za juu wenyewe haukuweka mpaka, na kipimo cha kilomita 100 kinachotajwa mara nyingi ni cha shirikisho la kimataifa linalosimamia michezo ya urukaji na rekodi zake. Istilahi haiwezi kuwa na mpaka ulio wazi kuliko jambo lenyewe.

"Rika" limeingizwa ili kutaja wataalamu wa fani moja wanaopimana kazi. Lakini rika ni umri: watu waliozaliwa au kutahiriwa pamoja. Mtaalamu wa miaka 60 huhakiki makala ya kijana wa miaka 25, nao si rika moja kwa kipimo chochote. Tunapendekeza *wanafani*, na tendo lao liitwe *uhakiki wa wanafani*. Neno "mwamuzi" tuwaachie wenye filimbi.

"Kijana" nalo linahitaji tahadhari. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na sera ya Tanzania ya mwaka 2007 inafuata kipimo hicho hicho. Tuzo ya Napolitano inakoma kabla ya miaka 30. Tangazo likifasiriwa "tuzo kwa wanasayansi vijana", mhandisi wa Dodoma mwenye miaka 33 atatayarisha maombi, atatafuta barua za wadhamini, kisha atakataliwa kwa sababu ambayo tafsiri ilimficha. Mfasiri aandike umri kwa tarakimu, palepale katika kichwa cha habari.

8. Hoja ya wanaopinga

Tunaijua hoja itakayotolewa. Itasemwa kwamba wataalamu hao huandika, husoma na hutuzwa kwa Kiingereza. Basi kwa nini tuhangaike? Jibu letu ni kwamba mtaalamu hahitaji tafsiri. Wanaoihitaji ni wale wanaoamua juu yake na wale watakaomfuata. Ofisa utumishi anayeweka cheti katika jalada, mjumbe wa bodi anayegawa fedha za utafiti, mhariri wa habari, na mwalimu wa sekondari anayetaka kumweleza mwanafunzi kwa nini mtu alisifiwa ulimwenguni kwa sababu ya kurasa kumi alizoandika: hao wote hulipokea jambo kupitia neno. Mwanafunzi akisikia "zawadi ya karatasi" atacheka. Akisikia "tuzo ya makala ya kitaalamu" atauliza makala hiyo ilisema nini, na hilo ndilo swali tunalotaka aulize.

9. Muhtasari wa mapendekezo

Tuzo: heshima itolewayo kwa kazi iliyopimwa; kitenzi chake ni kutunuku.
Medali: kitu kivaliwacho au kihifadhiwacho kama alama ya tuzo.
Nishani: heshima itolewayo na dola.
Ufadhili wa masomo: fedha za masomo, hata zikishindaniwa.
Ikisiri: maelezo mafupi yapelekwayo kabla ya makala.
Makala ya kitaalamu: maandishi kamili yaliyotayarishwa kwa ajili ya kongamano.
Uwasilishaji: kuieleza makala mbele ya kikao.
Makala bora kuliko zote: iliyochaguliwa peke yake.
Makala bora: iliyochaguliwa pamoja na nyingine, idadi itajwe.
Uhakiki wa wanafani: upimaji wa makala ufanywao na wataalamu wa fani hiyo.
Anga za juu: eneo lililo nje ya anga ya usafiri wa ndege.

Kwa istilahi hizi ile sentensi yetu itasomeka hivi: "Mhandisi huyo alitunukiwa tuzo ya makala bora ya kitaalamu katika kongamano la tekinolojia ya anga za juu, baada ya uhakiki wa wanafani." Imeongezeka maneno machache, na kila moja linabeba mzigo wake. Wafasiri watakaoitumia orodha hii katika barua na vyeti watuletee mahali ilipowakwamisha, pamoja na sentensi yenyewe iliyowakwamisha, ili ipimwe tena kabla ya kupelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.